Dyausi

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Nikasimamisha cherehani. Vrajlal akakunja jora,
akasema: zamani sana, kwetu, mbingu ilikuwa baba,
Dyausi, na ardhi mama,
wakatenganishwa tupate pa kusimama.

Bado mnamwomba?

Akacheka. Hana hekalu, hana hata utambi.
Wanawe ndio waliorithi:
mwenye radi, mwenye moto, binti alfajiri.
Yeye kabaki jina.

Nikamkumbuka Mwakalukwa, baba yangu,
aliyedandia lori la Chunya kufuata dhahabu
akatuachia koti.

Ukungu ukashuka, ukaufuta Rungwe,
bati likanguruma tusisikizane.
Vrajlal akakinga kiganja nje ya upenu, akanywa.
"Bado anatoa," akasema, akipangusa masharubu.

Mimi nilikuwa natafuta uzi wa kahawia.
Koti lile limebakiwa na kifungo kimoja.