Kiisk

Fundi wa gati aliukagua mkuku kwa tochi,
akavuta pumzi kwa meno, akataja bei.
Nikamshukuru. Nikaenda dukani
nikanunua msasa, jiriwa mbili, kopo la rangi ya chini,
na glavu zilizochanika siku ya kwanza.

Haapsalu, Aprili. Barafu imeondoka ghubani juzi tu,
vipande vyake bado vinagongana kando ya matete
kama vyombo vinavyooshwa na mtu mwenye hasira.
Kiisk imekaa juu ya magogo, tumbo wazi,
jina la samaki mdogo mwenye miiba,
mita sita za msonobari nilizonunua kwa pesa za gari.

Kazini mimi hutengeneza meno ya bandia.
Kwa hiyo nilipochokonoa ubao wa tatu kutoka chini
na ncha ikazama bila kuuliza,
nilijua ninachokitazama.
Unakwangua mpaka ukutane na kilicho kizima.
Ukiacha weusi hata wa punje ya haradali
utarudi, tena kwa bei nyingine.

Kaljo, wa mashua ya jirani, alisimama nyuma yangu
mikono mfukoni, saa nzima.
"Patasi hiyo ya nini? Ya panya?"
Nikamwambia ni ya magego.
Kesho yake alileta yake, pana, imenolewa,
akaiweka juu ya gogo, akaondoka bila neno.

Ndani, ubavuni mwa taruma, chini ya ukungu,
nikakuta maandishi ya penseli:
"Mei 1987. Maji yanaingia hapa. Sijui kwa nini."
Hakuna jina.
Nikakaa ndani ya ngama nikacheka
mpaka spana ikaniponyoka, ikalia chini kwa chini
huko ilikokwenda.

Majuma matatu. Ubao mpya, parafujo za shaba,
pamba iliyosokotwa na kugongwa kwenye kila mwanya,
kidogo, kidogo tena, acha:
ukizidisha unaupasua ubao wa jirani.
Goti la kushoto likaanza kusema peke yake.
Rangi ikaingia kwenye nywele, kwenye mkate.

Tukaishusha. Maji yakaingia.

Pale pale.

Kaljo akachungulia. "Mbao zina kiu," akasema,
"ziko nchi kavu tangu Septemba. Ziache zinywe."
Nikalala humo humo, ndoo ubavuni,
nikiteka na kuhesabu: ndoo kumi na moja hadi saa sita,
nne hadi saa nane,
halafu moja, haikujaa.
Alfajiri nikaamshwa na kitu ambacho hakikuwepo.
Hakuna tone.
Mbao zilikuwa zimevimba, zimebanana
kama watu wanene kwenye benchi fupi,
na hakuna aliyetaka kusogea.

Nikatafuta penseli.
Chini ya mwandiko wa yule asiyejua
nikaandika mwezi, mwaka, kisha:
"Yameacha. Kuna spana humu, namba kumi na tatu.
Ukiipata, ni yako."