Mwezi wa Siku Thelathini na Mbili

Jumapili, wakili Pyo Gyeong-ran huifunga ofisi yake ya mjini,
akapanda basi la kuja Miryang na mkoba wa turubai
na chupa ya chai ya shayiri.
Huketi chumba cha chini cha kanisa, ubavuni mwa boila,
na mbele yake foleni: viatu vya mpira, vidole vya kijani.

Kazi yangu ni kuyatia maneno ya huyu sikioni mwa yule.
Silipwi. Naye halipwi.
Boila peke yake ndiyo inayodai chake,
inanguruma kila baada ya dakika kumi.

Leo ni zamu ya Dilsari Magar.
Miaka miwili anachuma kenip, jani juu ya jani,
kumi kwa fungu, mafungu mia na hamsini kwa kasha,
makasha kumi kwa siku. Yasipotimia, unakatwa.
Analala ndani ya kontena lililovikwa plastiki nyeusi,
choo chake shimo na mbao mbili,
na kodi ya shimo hilo hutangulia kutoka mshaharani.

"Saa ngapi kwa siku?"
"Kumi na moja."
"Unalipwa ngapi?"
"Nane."
"Nani shahidi?"

Akatoa daftari la shule lililovimba kwa unyevu.
Kila usiku, kwa tarakimu za kwetu Nepali:
saa ya kuinama, saa ya kuinuka.
Nikamsomea wakili mwaka: elfu mbili sabini na tisa.
Akavua miwani.
"Mwaka huo," akasema, "mimi na wewe hatutaufikia."

Dilsari ndiye aliyeanza kucheka.

Nikaeleza: kwetu miaka imetangulia,
hamsini na sita na ushei,
mwaka hugeuka katikati ya Aprili,
na miezi haina adabu ya kukomea thelathini na moja.
Pyo akaandika yote. Akaniuliza tena. Akaandika tena.

Ofisi ya kazi, Jumanne, kiyoyozi kikali.
Mtetezi wa bosi akalishika daftari kwa ncha za vidole,
kama mtu aokotaye soksi ya mwenzake.
"Asar, tarehe thelathini na mbili," akasoma.
"Mwezi gani duniani una siku thelathini na mbili?
Njia ya mwongo ni fupi, bwana afisa;
ya huyu imepitiliza kwa siku moja."

Afisa akatabasamu. Mimi nikatafsiri,
na ulimi wangu ukawa mzito kama wa mshtakiwa.

Pyo hakupandisha sauti.
Akakunjua mezani kalenda ya ukutani
kutoka duka la viungo la Gimhae,
mungu wa kike wa utajiri amesimama juu ya ua,
chini yake kila siku ina majina mawili:
tarakimu kubwa za kwetu, ndogo za kwao.
Jumapili tatu alizitumia kuzioanisha, kwa penseli.
"Thelathini na mbili Asar. Kumi na sita Julai.
Na hii ni risiti ya bosi mwenyewe, makasha kufika sokoni,
Julai hiyohiyo, siku hiyohiyo.
Kama siku haikuwepo, nani alichuma?"

Kiyoyozi kikasikika.

Hawakumlipa zote. Saa za ziada, ndiyo, kwa mafungu matatu.
Kodi ya shimo afisa aliiacha ilale palepale;
Pyo amekata rufaa, na rufaa inatembea kwa magoti.

Usiku ule Dilsari aliandika, nikiona:
*Kuanza saa tatu. Kumaliza saa saba.
Kazi: kusikilizwa.*

Jumapili iliyofuata, kijana wa Kambodia.
Daftari hana.
Ana simu yenye kioo kilichopasuka,
na ndani yake picha mia nne za saa moja ya ukutani.
Pyo akammiminia chai, akasogeza kiti.
"Tuanze na ya kwanza," akasema.