Alama ya Unga

Niliibandika mimi, Jumatatu, kabla ya saa moja,
karatasi moja, pini nne,
baina ya kalenda ya kanisa na ndoano ya aproni.
Kutaisi bado giza, mabomba yameganda,
jiko la kuni likikohoa.

Miaka kumi na minane shirika letu linalisha wazee
wa ng'ambo ya mto Rioni:
maharage, mkate, chai, na Jumapili jibini.
Miaka yote hiyo mishahara yetu ilikaa
katika bahasha za kaki, kila mtu na yake,
zimefungwa kwa gundi,
kana kwamba ujira ni ugonjwa wa aibu.
Wafadhili walipata ripoti yenye picha.
Sisi tulipata minong'ono.

Ilisemwa Otari, mkurugenzi, anajenga Batumi, ufukweni.
Ilisemwa koti lake jipya ni magunia sita ya unga.
Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe,
nilivihesabu vifungo vya koti lile
nikavigeuza mikate.

Ndiye aliyeniita ofisini.
"Tsiuri, andika yote. Kuni, kodi, mafuta ya gari.
Na mishahara."
"Kwa majina?"
"Langu liwe la kwanza."

Lari mia tisa.
(Koti ni la marehemu kaka yake.
Hilo halikuwamo katika karatasi.)

Vazha, dereva: elfu moja na mia moja hamsini.
Mimi, mhasibu, mwaka mmoja na nusu kazini:
elfu moja na mia moja.
Nateli, mpishi, tangu sufuria ya kwanza:
mia sita na arobaini.

Wahenga walisema mali bila daftari
hupotea bila habari.
Hawakusema neno juu ya daftari lililopo,
safi, lenye mihuri,
linalojua na kunyamaza.

Nateli alisoma polepole, kwa kidole chenye unga.
Akapita kwa Otari, kwa Vazha, kwangu.
Kwake akasimama.
"Kumbe," alisema,
akarudi kwenye maharage,
maana saa sita watu wanakuja
na njaa haisomi karatasi.

Jioni tulikaa.
Vazha alipiga meza: "Mimi nilidai! Nina watoto!"
"Na mimi," Nateli akauliza, "nilizaa mawe?"
Ni kweli, Vazha alidai.
Mimi pia: nilitoka benki, nikataja bei yangu
bila kupepesa macho.
Yeye alipewa, akashukuru,
na shukrani yake tukaihesabu kuwa ridhaa.

Otari akasema kata zangu mia mbili, mpeni.
"Sitaki lari zako," Nateli akajibu.
"Nataka sababu."

Tuliitafuta sababu mezani, chini ya meza,
katika makabati ya risiti,
tukakuta panya na ankara za mwaka wa mafuriko.

Ilichukua hadi Aprili. Tuliuza gari la pili.
Tuliwaandikia wafadhili barua isiyo na picha,
mmoja akajitoa, wawili wakaongeza.
Sasa tunalipa kwa kazi na kwa miaka,
na kila mwezi karatasi mpya hupanda ukutani.
Vazha aliondoka Mei, hakuaga.
Naukosa mluzi wake asubuhi;
gari naliendesha mimi, vibaya.

Nambari ya Nateli iko juu ya yangu siku hizi.
Naipiga chapa mwenyewe,
na ipo miezi, nisiseme uongo,
mkono unasita kabla ya kubonyeza.

Ile karatasi ya kwanza niliiweka katika faili.
Mwaka ulipokwisha alikuja mkaguzi kutoka Tbilisi,
kijana, miwani, kalamu nyekundu.
Akalikuta doa jeupe kando ya mia sita na arobaini.
"Hii nini?"
"Sahihi," nikamwambia.
Akaandika pembeni: sahihi,
akafunua ukurasa mwingine.