Kiatu Kinazunguka

Picha kumi na mbili za kiatu kimoja,
nimezipiga Gikomba, juu ya stuli ya kinyozi,
nikikisukuma kwa kidole, kidogo kidogo.
Ya mwisho nimekilaza, soli juu.

Mutheu, fundi wa tovuti, akaguna:
"Mteja wako yuko Kayole na bando la shilingi ishirini.
Ukimtwika zote, ataenda zake kisigino hajakiona."

Akazipunguza uzito.
Ya mbele akaitanguliza peke yake;
zingine zingoje foleni
hadi kidole kiziite.

"Ya soli ifute," nikamwambia. "Gundi inaonekana."

Hakuifuta.

Usiku nikahesabu: wageni kumi na mmoja.
Karibu wote walikigeuza mbiombio hadi soli,
kama wafanyavyo kibandani.

Wawili wakanunua,
na gundi wameiona.