Meza ya Tatu Kutoka Majini

Kiti ni cha plastiki, mguu mmoja umeliwa na sakafu,
Mama Zawena ameutilia kizibo cha soda.
"Kaeni hapo hapo, ila msiegemee sana."
Saa saba na robo. Jua limesimama utosini,
mwavuli wa kampuni ya simu umepauka
hata jina la kampuni limebaki herufi tatu.

Kaka yangu Pazi kavaa shati jeupe la pasi
kana kwamba tunakwenda kuposa.
Miaka tisa jikoni, kwenye meli za watalii.
Visiwa vya Karibiani anavitaja kama vituo vya basi:
Babado, Kurasao, Antigwa, Granada.
Kafika Jumanne. Leo Ijumaa nikamwambia twende Feri,
nalipa mimi, na usibishe.

Tumechagua kwa kidole:
changu wa kukaanga, jicho bado lina maji,
pweza wa nazi, ugali, na ile pilipili ya kupondwa
ambayo Mama Zawena huitoa kwa kijiko cha chai,
kama dawa, baada ya kumtazama mtu usoni.

Pantoni inapiga honi. Watu wanamwagika
kama mtama wa gunia lililopasuka:
baiskeli, tenga la kuku, kijana kajitwika godoro
na chini ya godoro anaongea na simu.
Juu ya bati, kunguru watatu wanatukagua
kama maofisa wa forodha.

"Na huko? Wanakula hivi, kando ya bandari?"
"Hivi hivi. Meza nje. Samaki mzima na kichwa chake.
Ndimu. Ndizi za kukaanga. Wali kwa maharage,
ungeapa umepikwa Temeke.
Na wenyewe wakicheka, mkono mdomoni, kama shangazi."
"Wewe ulikuwa unapenda kipi?"
Akachukua ndimu, akaanza kuimenya,
ndimu ambayo haimenywi.

"Sijala.
Sijawahi kukaa, dada.
Meli ikifunga gati, abiria elfu mbili wanashuka,
sisi tunakata vitunguu vya usiku.
Pale kwenye sinki kuna dirisha la duara,
upana wake sahani.
Visiwa vyote hivyo nimevionea humo,
kwenye sahani isiyo na kitu."

Nikakumbuka picha iliyo ukutani kwa mama,
meza ya buluu, kamba mwekundu, glasi mbili.
Wageni wote huonyeshwa.
"Na ile picha?"
"Niliipiga kupitia kioo. Ukiangalia vizuri
pembeni kuna kidole changu, kina sabuni."

Chakula kikaja, naye huyo, kasimama,
mikono mbele, kupokea sinia.
"Wewe kijana, kaa!" Mama Zawena akafoka.
"Mteja haingii zamu kwangu."
Akakaa. Akala kwa dakika nne, bila kuinua macho,
kama mtu ambaye kengele italia.
Nikamshika kiganja. "Pazi. Hakuna anayekuita."

Ndipo meli ya makontena ikapita mlangoni mwa bandari,
karibu mno, ukadhani itachukua viti vyetu;
pantoni ikaisubiri, hata soga za meza ya jirani zikasubiri.
Akaukagua ubavu wake, safu kwa safu,
kisha akainua mkono wenye tonge
akampungia mtu ambaye labda hakuwepo.

Kunguru hakuhitaji zaidi ya hapo.
Kichwa cha changu kikapaa, na macho yake,
na Pazi akacheka, mkono mdomoni,
cheko refu lililomtoa chozi,
au ni pilipili, maana leo Mama Zawena
alimwekea kijiko kizima.

Saa nane natakiwa kaunta.
Simu inatetemeka mkobani, naiacha itetemeke.
Kaagiza samaki mwingine.
"Hujashiba?"
"Nimeshiba zamani," anasema,
na anaegemea, polepole, akikisikiliza kizibo.