Ngao ya Luteni Masatu

Padri alitaka simba,
kama kwenye picha za makanisa ya ng'ambo.
Shangazi Nyanjura akacheka:
sisi na simba wapi na wapi?
Mchonge kamongo,
samaki tusiyemla.

Nikamchonga, nanga ya jeshi juu yake,
jembe la ujombani kushoto.
Jiwe la Ukerewe halina haraka;
limeshanilia patasi tatu.

Chini, ukoo: Masatu wa Mazigo wa Bituro wa...
hapo wakabishana
hadi taa ikaisha mafuta.

Asubuhi, meli ya Nansio ikamshusha kijana
kutoka Kigamboni. Akasimama mlangoni mwa kanisa,
kofia mkononi,
masikio yaleyale.
Hakuna aliyemtaja.

Nimeacha nafasi ya jina moja.
Nimeisugua vizuri,
isidhaniwe kosa la fundi.