Bilioni Kumi

Ganjoni, chumba cha giza, mlango nimeufunga,
Fuwele nimeilaza, ndogo mfano karanga,
Umeme nimeingiza, ndani nikatia mwanga,
Mishi kaja, kauliza: “Elimu, au uganga?

“Umeingia mwekundu, na mwekundu umetoka,
Nimechungulia tundu, sioni kilogeuka.”
“Nyembamba kama ukindu hatua iliyoruka;
Siku nane hilo fundu, leo ndipo lafunguka.”

Umeme huitikisa, fuwele ikatetema,
Mawimbi yakajitosa, mapigo yakawa hima,
Yaliyozidi, si pesa, bilioni kumi nzima,
Kwa sekunde moja hasa, na jicho halijasoma.

Kiwambo kikaonesha: kilele kimesogea.
Miwani akaishusha, kimya akakodolea.
“Likoni hunivukisha, na jioni narejea:
Yupi wa kunionesha nami nilivyosogea?”